Watu Arobaini na Tatu, Limbani

Juzi nilikuja peke yangu, bila ya kamera,
na daftari la skuli na penseli tu.
Saa sita nikamsimamisha kijana wa dukani mbele ya ukuta,
nikamtizama: macho hana. Mashimo mawili,
na pua imemwaga wino mdomoni.
Jua la utosi halimjui mtu.

Nikarudi baada ya Alasiri.
Nyumba yao inaelekea mashariki; kivuli chake
kilikuwa kimeshateremka ngazi,
kimeupita mtungi uliovunjika shingo, kinakwenda.
Nikapiga mstari kwa kisigino: hapa.
Saa kumi na robo.
Na ng'ambo ya njia, ukuta wa jirani,
umepigwa chokaa kwa ajili ya Idi,
unaturudishia mwanga polepole
kama mtu aliyekopa akakumbuka.

Usiku nikachora vichwa. Viduara arobaini na tatu.
Watoto mkekani, wazee vitini,
wanawake nyuma ya wazee, kisha vijana
juu ya mabenchi manne ya chuoni
niliyoyaazima kwa kiapo.
Kanzu na buibui nizichanganye,
weupe usirundikane upande mmoja
kama chumvi ya mpishi mvivu.
Kofia zirudi nyuma vidole viwili, paji lipate haki yake.

Bi Mize aliniita jikoni, akanena kwa sauti ya chini:
"Ngwali na Shaame usiwaweke pamoja.
Tangu ihesabiwe mikarafuu ya baba yao
hawapeani mkono."
Nikaandika: Ngwali, ncha ya kushoto.
Shaame, ncha ya kulia.
Kisha nikafuta.
Maana lenzi hii pana ina ubaya wake:
aliye pembezoni humvuta shavu,
humpa kichwa cha boga.
Nchani huwekwa wembamba, wasichana wa skuli,
na mabwana wale wawili, Mungu awazidishie, si wembamba.

Basi leo, Idi Pili, nikawaita katikati,
nyuma ya kiti cha mama yao.
Sikutaja suluhu. Nilitaja lenzi.
"Nani anataka kunenepa zaidi?" Wakacheka wote
isipokuwa wao.
Wakaja. Wamesimama kama milango miwili iliyofungwa.
"Hapana, msinipe vifua. Jigeuzeni kidogo,
bega nyuma ya bega,
kama watu wanaopita mlango mmoja."

Hapo Salhina, aliyefika jana kutoka Maskati,
akakumbuka wanja wake. Mtoto wa Raya akala udongo.
Faki akauliza kama simu yake iitwe ni mtu.
Nami juu ya ngazi, naona mstari wangu wa kisigino
umeshamezwa na kivuli,
na ukuta wa jirani unaanza kugeuka rangi ya chai.
Kidevu, Bimkubwa. Wewe mrefu, shuka.
Kama hunioni, mie sikuoni!

Katika watu arobaini na tatu
hapakosi anayepepesa. Nna dawa yake:
"Fumbeni macho nyote. Nikifika tatu, fumbueni."
Moja.
Wakanyamaza, hata watoto.
Mbili.
Sijui nini kilinishika. Nikabonyeza
kabla ya tatu.

Waliyoitundika sebuleni ni ile ya macho mazima.
Kali, safi, kila kofia na paji lake.
Ngwali anaitizama kamera, Shaame anatizama ngazi yangu.
Wamenilipa, wakanifungia na kaimati.

Ile nyengine ninayo mimi.
Ukoo mzima umelala wima,
nyuso zimelegea, hakuna anayejiweka sawa,
na juu ya mgongo wa kiti cha Bi Mize
mikono miwili ya kiume imetafuta pa kushika,
kidole juu ya kidole.
Sijaichapa.
Sijui niipeleke kwa nani kwanza.